Tulikwenda Watatu Kukandika Ukuta

Kila nikipita mnaniuliza. Kisimani mnaniuliza, kilabuni mnaniuliza, juzi hata kanisani, padre hajashuka madhabahuni, mtu alinivuta shati kwa nyuma: "Baba Anjela, hebu sema, huko Biharamulo ilikuwaje?" Nikifungua mdomo tu, mnageuza shingo kuangalia nani anasikia. Basi nimeandika. Karatasi haina sauti, mtaisoma ndani mmefunga mlango. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo palipopinda mnyooshe wenyewe. Ila majina sikuyapinda. Aliyefanya nimemtaja. Mambo ya vibali na mihuri nayaruka, hayo hayakuua mtu.

Kutoka hapa hadi Kanazi

Tulivyoondoka Murusagamba mlituona. Tulikuwa watatu tuliomaliza chuo cha ufundi wa mikono. Mimi msukaji, mtu mzima niliyekaa benchi moja na watoto wa watu. Felista, binti wa Rulenge, mfinyanzi. Na Laurenti wa hapa hapa kwetu, yule aliyekuwa akipandisha mistari ya samadi ukutani mpaka inasimama kama mbavu za ng'ombe. Tulipelekwa upande wa Kaniha, huko Biharamulo, kwenye kijiji kipya walichokiita Tupendane, tukapambe ukuta wa ghala la kijiji pamoja na wananchi. Mwalimu wetu chuoni alilirudia neno hilo mpaka tukachoka: si kuwapambia, ni kupamba pamoja nao. Ukuta uwe pale watu wanapokutania, na kila mkono wa kijiji upite juu yake.

Mwenyekiti wetu Gervasi akatuhutubia. Mama Laurenti hakusikiliza hotuba. Alinishika mkono akanivuta kwenye migomba.

"Baba Anjela, mimi ninaye huyu mmoja."

"Najua, mama."

"Hujui, unasikia tu. Mdomo wake hauna mlango. Akiona jambo, analisema. Wewe mtu mzima, umzibe. Kisha unirudishie."

"Nitamrudisha."

Akaniachia mkono taratibu, kama mtu anayetua mzigo asiouamini.

Tulikwenda kwa miguu, mvua inatupiga, tumebeba kamba, vigingi vya kupimia, majembe na chungu cha majivu. Zile kamba na vigingi vilitutangulia kwa ubaya. Kila mji tuliokaribia, milango ilifungwa, watoto wakavutwa ndani. Hatukuelewa mpaka mwanamke mmoja alipotoka, panga kaificha nyuma ya kanga.

"Mmekuja kupima?"

"Kupima nini, mama?" Felista akauliza.

"Mistari ya nyumba. Tumeshahamishwa mara moja. Safari hii tuhamishieni mbinguni kabisa, ndiko kusikokuwa na mwenyekiti."

Laurenti akacheka. "Sisi mafundi wa mapambo, mama. Tunakwenda kupamba ukuta."

"Ukuta wa nyumba ya nani?"

"Wa ghala."

Yule mama akatutazama mmoja mmoja, akaliweka panga chini. "Serikali imeishiwa kazi," akasema, akaingia ndani, akarudi na ndizi zilizopikwa na maharage. Tulikula tumesimama, na mvua inatuongezea mchuzi.

Kanazi, tukingoja lori

Lori la ushirika lilikuwa lije kesho. Kesho ikaja, lori halikuja, tukaambiwa kesho. Msinihesabie siku, mimi mwenyewe niliacha. Tulilala kwenye kibanda cha soko, na chakula kikawa muhogo wa kuchoma asubuhi na muhogo wa kuchoma jioni.

Laurenti hakujua kukaa. Siku moja ya soko akaanza kukanda samadi na majivu pale pale mbele ya watu, akapaka ukuta wa kibanda, akaanza kuvuta mistari kwa vidole. Wanawake waliokuja kuuza maharage wakasogea. Mmoja akasema mstari umepinda. Laurenti akamwambia, "Njoo uunyooshe." Akaja. Mwenzake akaja kumcheka, naye akaishia kupaka. Jua lilipogeuka maharage yalikuwa yamekaa peke yake kwenye vikapu na wenyewe wako ukutani, mikono imewaingia samadi mpaka viwikoni. Mlevi mmoja akabandika kiganja chake katikati kabisa, akawa anamsimamisha kila apitaye: "Unaona hiki? Hiki ni mimi."

Hapo ndipo nami nilipoamini maneno ya mwalimu. Kabla ya hapo nilidhani ni maneno ya darasani.

Lori lilipofika, dereva hakuzima hata injini. "Nyie wachoraji, kama mnapanda pandeni. Mimi silali hapa!"

Porini

Pori la kuelekea Biharamulo mnalijua kwa habari zake. Ndorobo, wale mbung'o wanaouma, waliingia mpaka ndani ya shati. Lori likazama tope, tukalisukuma, likatoka, likazama tena mbele kidogo kama vile lilikuwa linatafuta mahali pazuri zaidi. Pale tulipokwama tulikuta Wasukuma waliokuwa wakihamisha ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Walitupa michembe, viazi vile vilivyokaushwa, vigumu kama ganda la mti mpaka uvitafune kwa subira. Baba yao aliposikia tunakwenda Tupendane alitikisa kichwa.

"Kule watu wapo," akasema, "ila hawajafika."

Nilimwona kama mzee aliyechoka jua. Sasa sina la kumcheka.

Tupendane

Nyumba zimesimama kwa mstari, mlango unatazama mlango, huwezi kutema mate bila jirani kujua umekula nini. Ghala liko mwisho wa uwanja wa mikutano, ukuta wake mpana hauna kitu. Mwenyekiti wa pale, Masanja, alitupokea kwa kelele za furaha. Tulipewa chumba na uji wa mtama.

"Mafundi, msiwe na wasiwasi! Watu nitawaleta. Asiyekuja, faini."

Felista akamwambia, "Mzee, kwa faini hatutaki."

"Binti, bila faini utapaka na mbuzi."

Wakaja kwa amri. Waliugusa ukuta kama unavyogusa chungu cha moto, wakaenda zao. Tulichokandika jioni, asubuhi kilikuwa chini. Tulikandika tena, kikaanguka tena. Laurenti akaongeza samadi, akapunguza maji, wapi. Wenyeji walipita wakitazama tu, bila kushangaa, na hilo ndilo lililonisumbua.

Siku moja akaja bibi mmoja Msubi, kabila la wenyeji wa pale, Bibi Teodora, akasimama juu ya vile vipande vilivyoanguka.

"Shikamoo, bibi," Laurenti akamsalimu.

"Marahaba. Huu udongo mmeutoa wapi?"

"Pale kijitoni."

"Wa nani?"

"Si wa mtu."

"Ndiyo maana haukai."

Akakaa chini akatueleza. Kwao binti anapoolewa huchukua udongo kidogo kwenye mafiga ya mama yake, akaufunga kwenye jani la mgomba, akauchanganya na udongo wa kwanza wa kukandikia nyumba yake. Nyumba isiyo na udongo huo ni kibanda, hata ikiwa na bati. Malori ya Operesheni Vijiji yalipokuja, walipandishwa na vyungu vyao, nyuma yao nyumba zikachomwa. Hakuna aliyeruhusiwa hata kuinama.

"Hizi zote unazoziona," akasema, akizungusha mkono kwenye mistari ya nyumba, "ni vibanda. Tumelala humo miaka yote hii kama kuku. Nanyi mnatuambia tupambe."

Nilinyamaza, maana mimi pia nilipandishwa lori. Mke wangu alikuwa na homa. Gervasi ndiye aliyeshika kiberiti, yeye mwenyewe kwa mkono wake, mke wangu amekaa mvuani juu ya kinu anatazama. Hakumaliza mwezi. Mnalijua hilo. Nalitaja kwa sababu hapajawahi kutokea mtu wa kulitaja.

Laurenti yeye hakunyamaza. "Basi bibi, si mwende mkauchukue? Kila nyumba ilete wa kwao."

Nilimkanyaga mguu. Kurudi mahame, kule watu walikohamishwa, lilikuwa kosa, watu walifungwa kwa hilo.

"Unanikanyagia nini, Baba Anjela? Udongo tu. Hawahamii."

Wakaenda. Kwanza Bibi Teodora na wajukuu zake, kisha wengine, wakisema wanakwenda kutafuta kuni. Wakarudi na vifuko, vibuyu, majani ya mgomba yamefungwa kwa kamba. Mke mdogo wa Masanja, naye Msubi, alirudi na wake kwenye kibuyu. Masanja alimwona, nilikuwepo, akacheka: "Wanawake na uchafu wao!" Alijua. Nasema tena, Masanja alijua.

Ukuta ukashika. Sijui niseme nini zaidi, ulishika tu, hata mvua ilipokuja. Kila udongo una rangi yake: huu mwekundu, huu kama mchele, huu wa kijivu wa bondeni. Laurenti akawaambia kila mmoja aweke wake pale kwao palipokuwa, wa mlimani juu, wa mtoni chini, naye akapandisha mistari ya samadi katikati kuwa njia. Felista aliwafundisha kubandika vigae vya vyungu vilivyovunjika siku ya kuhamishwa, ambavyo watu walikuwa bado wanavyo, sijui kwa nini. Mimi niliwasukisha wanaume ukili wa mafunjo kuzuia mvua juu. Amri ya Masanja haikuhitajika tena. Watu walikuja na viti. Wazee waliokaa mtaa mmoja bila kusalimiana waligombania mto ulipinda wapi, wakaishia kunywa rubisi, pombe ya ndizi, kibuyu kimoja. Mtu mmoja mkimya alisimama mbele ya udongo wake mpaka wengine wakaanza kumtania, ndipo akaweka kidole ukutani.

"Hapa palikuwa na mlango," akasema.

Hakuna aliyemtania tena.

Halafu redio ikasema vita. Amini kaingia Kagera. Mara malori yote ni ya jeshi, vijana wanaandikishwa, na kila mgeni ni jasusi.

Mchana mmoja akaja katibu kata, Zabroni, na mgambo wake. Alikuta nyumba nyingi hazina watu, wenyewe wamekwenda "kuni". Akaja mpaka ghalani, akautazama ukuta muda mrefu. Watu waliokuwepo wakasogea nyuma.

"Hii ni nini?"

"Mapambo, katibu," Masanja akajibu.

"Nakuuliza hii ni nini. Huu si mto? Hizi si njia?"

Nilimgeukia Laurenti nimtulize kwa macho, lakini alikuwa hanitazami mimi, alikuwa anautazama ukuta.

"Ndiyo, ni mto," akasema. "Na pale ni kwa Bibi Teodora, kabla hamjachoma."

Zabroni akamsogelea.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Ngara."

"Ngara ipi? Unasema kama mtu wa ng'ambo."

"Ng'ambo ya pili ni shamba la mjomba wangu, katibu. Huko ni Burundi. Amini yuko upande mwingine kabisa."

Mtu alicheka. Sikumjua na sitaki kumjua, ila kicheko kile kilimwingia Zabroni kama mwiba.

"Mpaka ni mpaka," akasema. "Umechora ramani ya nchi wakati wa vita, na umewarudisha watu mahame. Nani aliwaambia watu waende mahame?"

Kisha Masanja akainua mkono, akamwonyesha Laurenti.

"Huyu. Mimi nilikataza."

Mke wake mdogo alikuwa amesimama nyuma yake, kucha zake bado nyekundu za udongo wa kwao.

"Masanja," nikasema, "ulijua. Ulicheka. Katibu, mtu huyu alijua, na mimi ndiye mkubwa wa hawa watoto, kama ni kuchukua mtu, nichukue mimi."

Sikumaliza. Mgambo aliyeitwa Sospeteri alinipiga rungu la sikio. Tangu siku ile sikio la kushoto nasikia upepo tu, ndiyo maana mkiniita upande huo siitiki, sio kiburi. Nikiwa chini niliona buti za Sospeteri zikikanyaga kifua cha Laurenti. Zabroni hakumgusa mtu. Alisimama akisema, "Inatosha," kisha, "Bado kidogo," kisha, "Inatosha," kama anayeonja mboga.

Aliwaamuru wanawake waukwangue ukuta kwa majembe. Felista alikuwa amefichwa chini ya kitanda kwa Bibi Teodora, na yeye Bibi Teodora alikwangua sehemu yake mwenyewe, polepole, akikingia kanga yake chini ili udongo wake usimwagike.

Walipomrusha Laurenti kwenye lori alinyanyua kichwa akanitafuta.

"Baba Anjela!" akaita. "Funika ile samadi, jua litaipasua!"

Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu. Niliifunika.

Kumfuata

Bibi Teodora alitufungia ugali wa muhogo, tukatoka mimi na Felista. Kila kizuizi tuliuliza, kila kizuizi tuliulizwa sisi. Felista akawa anajibu, maana mimi sikio linavuja. Biharamulo mjini tulikuta watu waliokimbia kutoka kaskazini, wamebeba magodoro na watoto, na upande wa pili wa barabara malori ya askari wakiimba. Tulimuuliza karani mmoja. Akatutazama kama tumetoka usingizini.

"Wakati huu mnatafuta mtu mmoja?"

Aliyetusaidia ni mama muuza pombe, nje ya mji, jirani na ghala la pamba lililoachwa ambalo mgambo walikuwa wakifungia watu. Felista alipomweleza kijana alivyo, aliacha kuchuja pombe yake.

"Yule aliyekuwa akiwafundisha wenzake kuchora mavumbini?"

"Huyo huyo," Felista akasema, na nilimwona anaanza kutabasamu.

"Kaa, mwanangu."

"Nimesimama tu, mama."

"Kaa."

Alitueleza. Laurenti aliteremshwa anatema damu. Wenzake walisema Sospeteri alimkanyaga tena ndani ya lori, kwa sababu alikuwa akiuliza wanapelekwa wapi. Hakuitiwa mganga. Huyu mama alikuwa akiwapitishia chai dirishani, na asubuhi moja mkono wake haukuja kupokea. Walimzika nyuma, penye mkonge, bila jina, bila neno.

Tulikwenda. Palikuwa na udongo uliovimba, basi. Nilipiga magoti, Felista alisimama. Mlinzi akapiga kelele tuondoke, pale si njia.

"Hata mimi nimeona si njia," Felista akamjibu, na tukaondoka.

Tuliachana kwenye njia ya Rulenge. Aliniambia hataufinyanga tena udongo, anakwenda kulima mtama. Sikumbishia.

Nyumbani

Nilirudi kwa miguu sehemu kubwa, nikila walichonipa watu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama yake, na kila nikipanga yanamwagika. Kumbe yalishatangulia mengine. Nilikuta mnampongeza. Zabroni alituma habari kwa Gervasi, na Gervasi akasimama mkutanoni akawaambia Laurenti amejitolea kwenda vitani, kijiji kijivunie. Mlipiga makofi. Mama Laurenti alipelekewa sukari.

Aliponiona napanda njia hakunisalimia. Alitazama nyuma yangu kwanza.

"Uko peke yako."

"Niko peke yangu, mama."

"Wanasema yuko vitani."

Nikatua kifurushi changu chini.

"Baba Anjela, ukisema yuko vitani, nitamngoja. Nitangoja mpaka nife, naweza. Ukisema amekufa, nitanyoa leo. Lakini usiniambie nusu. Sema moja."

Nikasema moja. Nikamwambia ghala, nikamwambia mkonge, nikamwambia Sospeteri na Zabroni na Masanja. Hakulia mbele yangu. Aliingia ndani akatoka na wembe, akaniinamishia kichwa nimnyoe, maana hana ndugu mwanamume. Kisha akazima moto wa jikoni, akawasha mwingine uani, wa matanga, akatandika nyasi.

Gervasi alikuja kabla majivu hayajapoa.

"Mama, mtoto wako yuko mstari wa mbele. Kumlilia aliye hai ni kuvunja moyo wa taifa. Zima huo moto."

"Mlete, nizime."

"Nakuambia kwa wema."

"Nami nakujibu kwa wema. Mlete, nizime."

Gervasi akageuka akasema kwa sauti, majirani wote msikie, kwamba atakayeketi pale jina lake litajulikana. Mkasikia. Tangu siku hiyo mnapita njia ya juu, ile ya mawe, hata wenye vyungu vya maji kichwani. Nawaona. Sikio limekufa, macho yapo.

Mnajua, kama ninavyojua, kwamba matanga hayaanuliwi na mfiwa. Yanaanuliwa na watu, wakishakaa, wakishakula, wakishaoga pamoja. Na mpaka yaanuliwe hawezi kushika jembe, na mvua za kupanda ndizo hizi. Yeye na mimi ni wawili, wawili hawaanui matanga. Kila siku anapika maharage chungu kikubwa, cha watu wengi, anapakua, anaweka vyombo kwenye nyasi, anakaa. Jua likizama tunakula sisi wawili, kinachobaki tunawapa kuku.

Mliniuliza ilikuwaje. Ilikuwa hivyo. Leo pia amepika.